Korosho, Kura na Daftari la Hesabu

 

Tumeombwa tuzungumzie maendeleo na demokrasia: kipi kinatangulia? Mwaka 1959 msomi wa Marekani, Seymour Martin Lipset, aliandika kwamba kadiri nchi inavyopata mali, ndivyo demokrasia yake inavyopata nafasi ya kudumu. Sisi Watanzania hatukungoja utajiri. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992 tungali maskini, na mwaka 1995 tukapiga kura. Sasa tutazame kwetu Tandahimba.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza msimu wa 2007/08, korosho zetu zilianza kutoka kwenye kangomba na kuingia mnadani. Miaka kumi baadaye bei ilikuwa imevuka shilingi 3,000 kwa kilo. Tukaona nyumba za bati, pikipiki, na watoto wakilipiwa shule. Oktoba 2018 bei iliposhuka, wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa kuuza. Serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300, ingawa wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu. Tujiulize: mkulima anayekopa chumvi dukani angeweza kurudi nyumbani bila kuuza? Mwenye akiba kidogo ndiye anayeweza kusema hapana. Hapo mali ilizaa sauti.

Nayo sauti ndiyo inayolinda mali. Makato ya kila kilo yanahojiwa kwenye mkutano mkuu wa AMCOS. Ushuru wa mazao unaingia halmashauri, na madiwani tuliowachagua ndio wanaopitisha matumizi yake. Tusipohudhuria, tusipouliza, wengine watatuamulia, hata msimu uwe mzuri namna gani.

Ndugu zangu, na sisi tukiri letu. Mwaka juzi tulipeleka michango ya tangi la kuvunia maji ya mvua shuleni. Tulipokwenda kulizindua, mama mmoja alisimama akauliza, "Wanangu, elfu tano yangu imenunua nini?" Hatukuwa na jibu. Risiti zote zilikuwa kabatini Dar es Salaam. Wahasibu tulikuwa watatu pale, na wote tulitazama chini. Mama yule hakutushutumu. Alidai haki yake tu, na alitufundisha kazi yetu. Tangu siku hiyo mapato na matumizi yanabandikwa ofisi ya kijiji, na yanasomwa kwa sauti mkutanoni.

Mwaka huu tunachangia tangi la pili, ili wanafunzi wasiache masomo kwenda kutafuta maji. Tunawaomba mtoe kwa moyo, kila mmoja kwa uwezo wake, na mdai risiti. Kisha mwakani mje mtuulize tena: elfu tano yangu imenunua nini?