Kabla Gari la Wagonjwa Halijafika

(Hotuba ya muuguzi aliyehudumu miaka mingi katika gari la wagonjwa, iliyotolewa mbele ya waumini mjini Makambako)

 

Nimeombwa nieleze hali halisi ya kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa dharura katika mkoa wetu. Kwa idhini yenu nitaanza na habari ya viazi.

Ulikuwa usiku wa mwezi Julai, baridi kali, na ukungu umeifunika barabara iendayo Njombe. Lori lililosheheni viazi lilikuwa limepinduka. Tulipokaribia, mimi na dereva wetu, tuliona taa nyingi za simu, nami nikamshukuru Mwenyezi Mungu moyoni kwamba majeruhi wamekwisha pata wasaidizi. Kumbe taa zile zilikuwa zikimulika viazi. Watu walikuwa wakijaza magunia, na wengine walitupigia kelele tusiyakanyage.

Dereva wa lori alikuwa amelala kando ya mtaro, paja limechanika. Bibi mmoja, ambaye hata jina lake sikupata kulijua, alikuwa amevua kanga yake, akaikunja, akaikandamiza juu ya jeraha kwa mikono yote miwili, magoti yake yamezama katika matope. Nilipomwuliza yuko hapo tangu lini, alinijibu, "Tangu lilipoanguka, mwanangu. Sikujua nifanye nini kingine." Dereva yule alipona. Tandiboi wake hatukumkuta. Vijana wawili wenye nia njema walikuwa wamemnyanyua, mmoja mabegani na mwingine miguuni, wakampakia kwenye pikipiki kati ya mwendeshaji na mtu mwingine ili awahi hospitali. Aliwahi kweli, lakini miguu yake haikusikia tena kitu chochote. Daktari hakuweza kusema kama uti wa mgongo uliumia lori lilipoanguka au aliponyanyuliwa. Nami siwezi kusema, na wale vijana hadi leo wananiuliza.

Ndugu wasikilizaji, mji wetu umekaa katika njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapa, ile ya Njombe na Songea inachepuka hapa, na reli ya TAZARA nayo iko hapa. Biashara yetu yatokana na njia hizo, na majeruhi wetu vilevile. Hatujasahau tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, basi na lori la kontena vilipogongana na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Wala hatujasahau tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Nilipozisikia habari za Msamvu niliwakumbuka watu wa viazi. Tofauti yao ni kwamba viazi haviwaki.

Sasa tufanye hesabu. Kutoka hapa hadi Njombe mjini ni kilomita zipatazo 60, zenye milima, kona, na malori ya mbao yapandayo taratibu. Hata gari likiwa zima na tangi limejaa, mtu wa kilimani hutufikia, au sisi humfikia, baada ya muda mrefu. Lakini mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache tu. Ubongo uliokosa hewa nao huanza kuharibika baada ya dakika kama nne. Hakuna king'ora kiwezacho kuziba pengo hilo. Anayeliziba ni yule aliyekuwepo pale pale, naye si muuguzi wala daktari. Ni muuza mahindi, ni kondakta, ni mwanafunzi atokaye shule.

Mwaweza kuuliza, na ninyi mliomo ndani ya gari mwafanya nini? Mara nyingi nyuma huwa yuko muuguzi mmoja peke yake. Mkono mmoja ameshika chuma cha dari asianguke, na mwingine amekandamiza jeraha au ameinua dripu. Anautazama mtungi wa oksijeni na kuzihesabu kilomita zilizosalia. Ndugu wa mgonjwa amwuliza kila baada ya kona, "Bado anapumua?" Siku nyingine jibu hubadilika katikati ya safari, nawe ndiwe wa kulitamka, gizani, kwa mtu uliyekutana naye nusu saa iliyopita. Mkishakabidhi mnarudi, mnaosha damu kwa maji ya baridi ya Njombe, ambayo wenyeji mnayajua, kwa sababu simu nyingine yaweza kulia kabla ya alfajiri. Nimepata kufanya kazi na dereva, mcheshi kuliko wote, ambaye baada ya kubeba watoto watatu wa nyumba moja hakula chakula chetu kwa siku mbili. Watoto wale waliwashiwa jiko la mkaa chumbani wapate joto, na mlango ukafungwa. Moshi ule unaoua hauonekani wala haunuki, na kila msimu wa baridi nyumba fulani hapa huomboleza kwa ajili yake. Yule dereva hakuulizwa na mtu hali yake. Hata mimi sikumwuliza.

Haki nayo isemwe. Kwa upande wa akina mama yako mabadiliko makubwa. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, umeweka namba 115 isiyolipiwa, kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanaopatwa na dharura. Mpokeaji wa simu huuliza dalili, na kama gari la wagonjwa liko mbali humwita dereva wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hana saa za kusubiri wanaume wachangishane mafuta. Basi namba hiyo na iandikwe ukutani katika kila nyumba yenye mjamzito. Kwa ajali za barabarani pigeni polisi 112, na kwa moto na uokoaji 114.

Yako maneno mawili ambayo hatuna budi kuyasahihisha miongoni mwetu wenyewe. La kwanza ni, "Siku yake ilikuwa imefika." Ni kweli kwamba mauti yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini neno hilo ni la kumfariji mfiwa, halikuwekwa liwe kisingizio cha mtu aliyesimama akitazama. Yule bibi hakujua siku ya dereva imefika au la. Alikunja kanga.

La pili nililisikia kwa kijana wetu mmoja, mcha Mungu, aliyesita kumgusa mwanamke aliyekuwa akivuja damu kwa kuwa si maharimu wake. Wanachuoni wetu wameeleza tangu zamani kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa, kwa kadiri ya dharura yenyewe. Ndilo neno lile lile lililoandikwa kwenye milango ya hospitali. Isitoshe, wengi wetu tumetibiwa Ilembula kwa Walutheri au Ikonda kwa Wakatoliki, na waliotufunga vidonda hawakutuuliza tunaswali wapi.

Hivyo basi, mkikuta ajali, kwanza simamisheni magari mengine, msije mkagongwa ninyi, na kama ni lori la mafuta kaeni mbali. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamizeni kwa nguvu na msiachie kila mara kuchungulia. Aliyeanguka au kugongwa vibaya msimkunje wala msimkalishe, isipokuwa pana moto au hatari nyingine hapo alipo. Kichwa, shingo na mgongo vibaki katika mstari mmoja, na ubao wa mlango ni machela bora kuliko pikipiki. Aliyezimia lakini anapumua mgeuzeni kwa ubavu, kichwa na mwili vikigeuka pamoja, asipaliwe na matapishi. Msimpe maji wala soda. Fomu ya polisi, PF3, ina kazi yake na ifuatwe, lakini mmoja wenu aifuate wakati majeruhi anapelekwa, asisubirishwe kando ya barabara kwa ajili ya karatasi.

Mambo haya hayashikiki kwa kusikiliza tu. Baada ya swala ya Isha nitabaki hapa uani pamoja na wenzangu wawili, akina mama upande huu na akina baba upande ule, tujizoeze kukandamiza jeraha na kumgeuza mtu. Madereva wa bodaboda nawaomba msiondoke. Kila atakayebaki aje na kanga au shuka moja, hata kama ni kuukuu.