Sindano ya Santuri

Leo tutazungumza juu ya sindano ya santuri. Sikilizeni kwanza kisa hiki.

Mzee mmoja wa Korogwe alikuwa na santuri ya Atomic Jazz ya Tanga, aliyoinunua ujanani. Mashine yake ya umeme iliharibika. Mjukuu wake akaiweka santuri ile juu ya gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Sauti ilikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mashine ya umeme ilipotengenezwa, santuri ilitoa mkwaruzo tu. Mzee hakumgombeza mjukuu. Alisema, "Namba ilikuwa pale, lakini hatukuisoma."

Namba gani? Tazameni karatasi iliyo katikati ya santuri. Mara nyingi imeandikwa 78, 45 au 33. Hiyo ni mizunguko kwa dakika moja. Santuri za Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, ni za 78. Mifereji yake ni mipana. Santuri za 33 zilitoka Marekani mwaka 1948, na za 45 mwaka 1949. Mifereji yake ni myembamba. Kwa hiyo ncha ya sindano ya 78 ni nene kama mara tatu ya ncha ya hizi nyingine.

Gramafoni ya mkono ina sindano ya chuma, na kichwa chake hulemea kwa gramu zaidi ya 100. Kichwa cha mashine ya umeme hulemea gramu chache tu. Mfereji mwembamba ukikwanguliwa na chuma, haurudi tena.

Sasa tuseme juu ya mzigo wa umeme. Kichwa cha kristali ni kama chemchemi ndogo ya mlimani: maji yana nguvu, lakini ni machache. Ukiyafungulia mlango mpana, yanaisha. Kipimo cha kuzuia umeme ni omu: omu nyingi, mlango mwembamba. Kichwa cha kristali hutaka kama omu milioni moja. Zikipungua sana, sauti nene za besi hupotea. Kichwa cha sumaku kwa kawaida hutaka omu 47,000, na umeme wake ni mdogo mno. Lazima upite kwanza katika kikuza sauti chake. Ukiuunganisha moja kwa moja na redio, utasikia sauti hafifu, nyembamba.

Sindano nayo huchakaa. Ya chuma hubadilishwa kila upande wa santuri. Ya almasi hudumu saa mamia. Ya yakuti hudumu muda mfupi zaidi. Unapotaka sindano mpya, usimwambie muuzaji, "Nipe sindano." Nakili herufi na namba zote zilizo juu ya kichwa, moja moja. Herufi moja ikikosewa, utapewa sindano nyingine.

Ndugu zangu, sindano hununuliwa. Sauti iliyofutika katika mfereji hainunuliwi. Someni kwanza, ndipo mteremshe sindano.

Maswali ya darasani:
1. Namba 45 juu ya santuri maana yake nini?
2. Kwa nini sindano ya chuma iliiharibu santuri ya mzee?
3. Andika mambo mawili utakayoyasoma kabla ya kununua sindano.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.