Joto Kwanza, Dawa Baadaye: Tausi Anapougua Nyumbani

Tausi huficha ugonjwa. Ingawa anafugwa uani, bado ana silika ya mababu zake wa misitu ya India na Sri Lanka, ambako ndege anayeonyesha unyonge huwindwa upesi. Mfugaji anapomkuta amejikunyata, manyoya yametutumka, mabawa yamelegea na macho yanasinzia mchana, kwa kawaida ugonjwa umeshamkaa mwilini siku kadhaa. Hapo hakuna kungoja kesho.

Hukamatwa kwa taulo kubwa linalofunika kichwa na mabawa, maana gizani ndege hutulia. Miguu ishikwe vizuri, hasa ya dume mwenye miiba migumu. Mkia usivutwe, kwani manyoya hung'oka. Kifua nacho kisibanwe: ndege hana kiwambo kama cha binadamu, hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua, na mkono unaobana hapo unamnyima pumzi.

Kinachofuata ni joto, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kukimbilia dawa. Mwili wa tausi mzima una joto la nyuzi 41 hivi, na asiyekula hushindwa kulilinda. Atengwe mahali pakavu, penye utulivu na pasipo upepo, kwenye nyuzi 29 hadi 32. Balbu iwekwe upande mmoja tu ili aweze kusogea mbali nayo. Akitweta mdomo wazi, huenda joto limezidi. Umeme ukikatika, chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa inatosha. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa: hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na humwua ndege mapema kuliko mtu. Aliyeugua kwa kupigwa na jua hutendewa kinyume: kivuli, hewa na maji ya kawaida ya kulowesha miguu.

Maji hutangulia chakula. Lita moja ya maji safi ya uvuguvugu, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi hufaa kwa kuanzia. Ndege wa kilo 4 huhitaji takriban mililita 200 kwa siku, kidogo kidogo. Hudondoshewa pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, naye ameze mwenyewe. Tundu la hewa liko nyuma tu ya ulimi, hivyo kumimina ni kumjaza maji mapafuni. Asiyeweza kuinua kichwa wala kumeza asipewe chochote mdomoni. Akishapata nguvu, apewe chakula cha vifaranga kilicholowekwa, au yai la kuchemsha lililopondwa.

Chini yake yatandikwe magazeti, kwa sababu kinyesi kinaeleza mengi. Cha kijani huweza kutokana na njaa tu. Chenye damu kwa makinda hutia shaka ya koksidiosi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Cha rangi ya njano kama kiberiti ndicho cha kuogopwa zaidi, maana huashiria histomoniasi, ugonjwa wa ini na utumbo. Kimelea chake husafiri ndani ya mayai ya minyoo ya kuku, ambayo hudumu udongoni muda mrefu, hata ndani ya nyungunyungu. Kuku huweza kukibeba bila kuonyesha dalili yoyote, ilhali tausi anayeparua uwanja uleule akafa. Kuwafuga pamoja ni kumweka tausi hatarini. Shingo iliyopinda pamoja na kuhara kijani huelekeza kwenye mdondo, ambao hauna tiba bali chanjo.

Ndiyo maana antibiotiki ya kubahatisha kutoka duka la dawa za mifugo haifai: haiui virusi vya mdondo, wala nyingi si dawa ya vimelea vya koksidiosi na histomoniasi. Wakati tausi anapashwa joto, daktari wa mifugo apigiwe simu na kupelekewa kinyesi kibichi kwenye chombo safi siku hiyohiyo, pamoja na uzito wa ndege unaopimwa kila asubuhi. Anayehudumia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa ndege wengine. Wakifa kadhaa kwa mpigo, mizoga isichunwe wala isiliwe. Ofisa mifugo wa eneo aitwe kabla ya kuizika.