Jaribu, Pima, Andika: Hotuba kwa Wanafunzi wa Sanaa ya Nguo

Hotuba hii imetayarishwa kwa wanafunzi wa ushonaji na utiaji rangi vitambaa katika vyuo vya ufundi vya kaunti, pamoja na walimu na wazazi wao.



Mwaka 1856, mjini London, mwanafunzi wa kemia mwenye umri wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Hakuipata. Alibaki na tope jeusi, na alipoliyeyusha kwa spiriti alipata rangi ya zambarau. Akachovya hariri, ikashika. Mwingine angemwaga tope lile na kuosha chupa. Perkin alirudia jaribio, akapeleka sampuli kwa watia rangi waliokuwa wazoefu, kisha akafungua kiwanda. Rangi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya rangi za kemikali zinazotumika leo. Bahati ilimwonyesha rangi mara moja. Kurudia ndiko kulikompa kazi.

Wanafunzi wa nguo katika kaunti hii hawakosi ujasiri wa kujaribu. Wapo wanaofunga kitambaa kwa uzi kabla ya kukichovya, wapo wanaochora kwa nta, na wapo wanaosugua jinzi za mitumba kwa msasa mpaka zipate sura mpya. Shida hujitokeza pale mteja anapopenda kitambaa kimoja na kuagiza mapazia sita yanayofanana nacho. Fundi akiulizwa alifanyaje, jibu linakuwa, "Niliweka rangi kidogo, nikaacha." Oda hiyo imepotea, na pesa za kitambaa zimepotea pia.

Dawa yake ni daftari la shilingi chache, lenye maswali matatu kwa kila jaribio: Kitambaa gani? Kipimo gani? Mabaki yalikwenda wapi?

Swali la kwanza ni kitambaa. Rangi nyingi zinazoshika pamba hazishiki poliesta, hata zikichemshwa siku nzima. Kabla ya kulaumu rangi, mwanafunzi achomoe nyuzi chache, azishike kwa koleo na kuzichoma mbele ya mwalimu. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Kitambaa cha marekani kisicho na rangi kinafaa kwa kujifunzia, mradi kifuliwe kwanza, kwa sababu wanga wa kiwandani huzuia rangi kuingia.

Swali la pili ni kipimo. Kitambaa kipimwe kikiwa kikavu, na kila kitu kihesabiwe kutokana na uzito huo. Kwa gramu 100 za pamba inayotiwa rangi ya mimea, shabu gramu 15 zinatosha kusaidia rangi kushika. Maganda ya vitunguu hutoa manjano hadi kahawia. Majani ya chai hutoa hudhurungi, na chai hiyo hiyo ikikutana na maji ya misumari yenye kutu hugeuka kijivu, pengine karibu na nyeusi. Hapa pana tahadhari: chuma kikizidi, kitambaa huoza mapema. Bizari ya manjano nayo hupendeza siku ya kwanza, lakini hufifia juani, na ikiguswa na magadi au sabuni kali hugeuka nyekundu. Anayeuza leso ya bizari bila kumwambia mnunuzi hayo amejitafutia lawama.

Majaribio haya hayahitaji mita tano za kitambaa. Vipande vya sentimita 10 kwa 10 vinatosha. Kila kipande kibandikwe kwenye daftari pamoja na uzito, dakika na kiasi cha maji. Kipande kingine cha aina hiyo hiyo kifuliwe mara tano na kuanikwa juani, kisha kibandikwe kando ya cha kwanza. Hapo ndipo mwanafunzi anapojua rangi yake inadumu au haidumu.

Maswali hayo hayo yanahusu kuchakaza jinzi makusudi. Jinzi hupauka inaposuguliwa kwa sababu rangi yake ya buluu hukaa juu ya uzi na haifiki kiini, ambacho hubaki cheupe. Nyuzi zake za mtande, zinazoshuka wima mguuni, ni za buluu. Za mshindio, zinazokatiza, ni nyeupe. Anayetaka tundu la goti lenye nyuzi nyeupe hakati ovyo kwa wembe. Hukata mistari miwili ya mlalo iliyo sambamba, kisha huchomoa zile za buluu moja moja na kuziacha nyeupe zikining'inia. Na asugue mahali ambapo nguo huchakaa yenyewe: pajani, gotini, mdomoni mwa mfuko na kwenye pindo. Jinzi inayovutika isipaukishwe kwa jiki, kwa sababu jiki huua mpira ulio ndani yake.

Swali la tatu ndilo zito: mabaki yalikwenda wapi? Huenda mapafuni, mikononi na majini.

Mapafuni kwanza. Viwanda vya jinzi vya Uturuki vilikuwa vikipausha nguo kwa kuzipulizia mchanga kwa kasi. Vijana waliofanya kazi hiyo walivuta vumbi la mchanga, wakapata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na baadhi yao wakafa. Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku upulizaji huo. Hakuna mtindo wa suruali unaostahili pumzi ya mtu. Katika vyuo vya kaunti, msasa wa mkono unatosha. Nguo isuguliwe ikiwa na unyevu, nje au penye hewa, na barakoa ivaliwe.

Jiki nayo isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Jiki izimuliwe kwa maji, kisha nguo isuuzwe kwa maji mengi.

Kuhusu mikono, rangi za vati zinazopendwa katika batiki huhitaji kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho. Glavu ndefu na miwani ya kukinga macho ni lazima. Kostiki hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu huchemka na kuruka. Tena isiwekwe kwenye sufuria ya alumini. Hula chuma hicho na kutoa gesi inayowaka. Ndoo ya plastiki ngumu inafaa. Na chombo kilichotumika kwa rangi kisirudi jikoni, hata kikisuguliwa namna gani.

Halafu maji. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na limezipa pia huduma za maji na usafi. Basi kaunti inayomfundisha kijana kutia rangi ndiyo hiyo hiyo inayopaswa kumpelekea jirani yake maji safi. Haiwezekani kujenga kazi ya mmoja kwa kuchafua kisima cha mwingine. Maji ya rangi yatumiwe tena na tena, kwa vipande vyepesi zaidi, mpaka rangi iishe. Maji ya kostiki yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Yawekwe katika pipa la plastiki lenye kifuniko na alama, mbali na watoto, na chuo kiulize ofisi ya mazingira ya kaunti au NEMA namna ya kuyaondoa.

Walimu wanaombwa kukagua daftari kabla ya kukagua kitambaa. Kitambaa kilichoharibika chenye maelezo kamili kistahili alama, kwa kuwa mwanafunzi huyo anajua asichopaswa kurudia. Na mzazi akiona mwanawe amerudi nyumbani na vipande ishirini vyenye madoa, aombe kuona daftari kabla ya kugomba. Huenda vipande kumi na tisa vilikuwa gharama ya kimoja ambacho kijana huyo sasa anaweza kukitengeneza tena kesho, kwa rangi ile ile na kwa bei anayoijua.