Hotuba ya Kumkumbuka Marehemu Mama Yetu

Wazee wetu watukufu, ndugu zangu wake kwa waume, nanyi vijana mliotoka London, Toronto, Dubai, Mombasa na Unguja,

Nimeamrishwa na wazee niseme machache juu ya marehemu mama yetu, aliyefariki hapa Maskati mwaka 2021. Wengi wenu mlimjua katika uzee wake, kwa kahawa yake na kwa ukali wake juu ya hati mbaya. Mimi napenda kukaa zaidi kwenye ile miaka msiyoiona, kwani juu yake yamesemwa mengi katika ukoo huu, na si yote yaliyo kweli.

Alizaliwa Unguja mwaka 1938. Skuli ya serikali ya wasichana ilikuwapo tangu 1927, lakini si kila nyumba iliyoridhia kumtoa mtoto wa kike. Babu aliridhia, bibi akaweka sharti kwamba ahitimu Kurani kwanza. Akahitimu, akasoma, akafunzwa ualimu, na mwaka 1957 akaanza kusomesha. Mwaka uliofuata aliolewa na baba, aliyekuwa karani.

Yaliyotokea tarehe 12 Januari 1964 kila nyumba yetu inayo hadithi yake, nami sitayarejea. Baba alipoteza kazi, na baada ya miezi michache akapanda jahazi kwenda Dubai, kwa kuwa Sultan Said bin Taimur hakuwa akiwapokea kwa wepesi Oman watu waliotoka Unguja. Alimwacha mama na watoto watatu, mkubwa wao mimi, mwenye umri wa miaka mitano. Wote wawili walidhani ni jambo la mwaka mmoja. Ikawa miaka tisa.

Mama aliendelea kusomesha. Elimu ilipotangazwa kuwa bure mwezi wa Septemba 1964, darasa lake lilijaa watoto ambao wazazi wao hawakupata kushika kalamu, naye akawapenda. Hilo nalisema wazi, maana wako wanaodhani kila siku yake ya miaka ile ilikuwa ya machozi. Usiku alishona kofia za viua kwa taa ya mafuta. Nyingine aliuza, hasa miaka ya mwanzo ya sabini, mchele na sukari vilipokuwa vikigawiwa kwa kipimo. Nyingine alimpelekea baba kwa mkono wa wasafiri. Alipeleka sita, zilifika tatu.

Katika mwaka wa tano wazee wawili walimjia kwa nia njema. Wakamwambia kuwa mume aliyeghibu muda wote ule sheria inampa mke njia ya kuomba faskhi, na kwamba alikuwa bado kijana. Walisema haki. Mama aliwaandalia chai, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawauliza: "Nyinyi mmesikia kwamba amenisahau, au mnakisia?" Wakasema wanakisia. Akawaambia, "Basi mimi nina barua." Hakuwaonyesha.

Kwa hiyo lile neno kwamba baba alitutupa, ambalo nimelisikia hata katika harusi, naomba leo likome. Barua zilikuja, baadhi zimekwisha kufunguliwa njiani, na nyingine hazikuja kabisa.

Tulipata ruhusa ya kutoka mwaka 1973. Baba alikuwa keshahamia Maskati, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita walio nje warudi. Sisi watoto tulimtazama mtu mgeni mwenye mvi. Miaka mingi baadaye nilimwuliza mama neno la kwanza alilotamkiwa pale kiwanjani baada ya miaka tisa. Akacheka: "Alisema, mkoba huo mzito, nipe."

Kabla ya 1970 Oman ilikuwa na skuli 3 tu za serikali, zote za wavulana. Walimu wanawake walitakiwa kwa haraka, na baadhi ya madarasa ya mwanzo yalikuwa ndani ya mahema. Mama alisomesha Kiingereza, huku Kiarabu chake cha kuzungumza akikitafuta kwa wauza samaki wa Matrah, jambo lililowachekesha sana majirani. Wako walionong'ona kwamba mke wa mtu hafai kutoka kila asubuhi. Baba hakuwajibu. Alimpeleka mwenyewe skuli kwa gari, kila siku, mpaka mama alipostaafu mwaka 1993.

Mwaka 2001 baba alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala na ulimi ukawa mzito. Mama alinunua ubao na chaki, akamsomesha herufi upya kwa mkono wa kushoto, kila baada ya sala ya alasiri. Alimsahihisha bila huruma. Baba alikuwa mwanafunzi mvivu, lakini kabla ya kufariki mwaka 2004 aliweza kuandika jina la mama, likiwa limepinda, nasi hatukuruhusiwa kulifuta.

Alipotoka eda alinipa mkoba ule ule. Ndani yake mlikuwa na barua 41. Sasa ziko kwa mdogo wangu hapa Maskati, na anayetaka kuzisoma katika siku hizi tatu amwendee. Tafadhali mnawe mikono kwanza. Karatasi zake ni nyepesi sana.