Paa Huanza na Jina
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa klabu yetu ya huduma, Nairobi)



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya jambo lililo mbele ya mkutano huu, nalo ni namna ya kuwasaidia watu wasio na makazi katika mji wetu. Twashukuru kwa heshima hiyo. Hatukuja kuwatia huruma, maana huruma mnayo tayari. Kila mmoja wetu apitaye mjini kabla ya jua kuchomoza huwaona wamelala barazani mwa maduka, wamejifunika magunia na makaratasi. Tumekuja kuuliza neno moja tu: huruma hiyo ifanye kazi gani?

Kwanza tuijue idadi yao. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliwahesabu watu waishio mitaani nchini kote, wakaonekana 46,639. Katika hao, Nairobi ilikuwa na 15,337, na Mombasa 7,529. Kumhesabu mtu asiye na mlango wa kubishwa ni kazi ngumu, maana leo hulala hapa na kesho kule. Hata hivyo hesabu hiyo yatosha kutuonyesha kwamba hawa si genge la vijana watundu wachache. Wamo watoto wadogo, wamo akina mama wenye kubeba wachanga mgongoni, wamo na wazee. Wako waliofukuzwa na umaskini, wako waliofiwa na wazazi, wako waliokimbia kipigo. Na wako waliozaliwa mtaani, nao wamezaa papo hapo mtaani. Sisi huwaita wote chokoraa, tukadhani tumekwisha kuwajua.

Pili, tutazame jinsi walivyotendewa. Zamani za ukoloni mtu asiye na kazi wala makao mjini alihesabiwa kuwa mkosaji. Palikuwa na sheria ya wazururaji, nayo ilidumu hata baada ya uhuru, mpaka ilipofutwa mwaka 1997. Mwaka 2003 Serikali iliunda mfuko wa amana kwa ajili ya familia za mitaani, na baadhi ya vijana wakapelekwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa wajifunze kazi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Tena tarehe 4 Desemba, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa rai ya kwamba sheria za kuwaadhibu watu kwa uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika. Basi mambo yamegeuka: aliyekuwa mshtakiwa amekuwa mdai. Lakini haki iliyoandikwa kitabuni haimfuniki mtu usiku wa mvua.

Tatu, tuseme habari za klabu zenyewe. Klabu za huduma si jambo geni. Rotary ilianza Chicago, Marekani, mwaka 1905, na klabu yake ya Nairobi ilianza mwaka 1930. Huko Chicago, mojawapo ya kazi zao za kwanza kwa ajili ya watu wote, mwaka 1907, ilikuwa kuhimiza mji ujenge vyoo vya umma. Twalitaja jambo hili kwa kusudi. Choo si kitu cha kupigiwa picha, wala hakuna anayeshangiliwa kwa ajili yake. Lakini ni kitu kilichokosekana, nao walikitafuta. Klabu nyingi za leo hupenda zaidi siku moja ya sikukuu: mkate, maziwa, blanketi, hotuba, kisha kwaheri. Hatusemi mkate ni kitu bure. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na blanketi la Julai laweza kuokoa roho ya mtoto. Twasema tu kwamba mkate huliwa, blanketi huibiwa au huchakaa, na mwaka wa pili twawakuta watu wale wale mahali pale pale.

Sasa twafikia neno tulilokuja kulisema. Mtu wa mtaani hakosi paa tu. Mara nyingi hukosa karatasi, na kwa kukosa karatasi hawezi kulifikia paa. Sisi makarani twalijua jambo hili kuliko watu wengine. Mtoto akizaliwa, yapasa aandikishwe kabla ya miezi sita kupita. Ikipita, huwa ni uandikishaji wa kuchelewa, wenye kudai ushahidi zaidi: kadi ya kliniki, hati ya shule, cheti cha ubatizo, barua ya chifu, kitambulisho cha mzazi. Aliyezaliwa chini ya daraja atavitoa wapi? Akifikia miaka 18 huenda kuomba kitambulisho, naye huulizwa cheti cha kuzaliwa. Asipokuwa na kitambulisho, hawezi kuandikisha laini ya simu kwa jina lake, wala kupokea mshahara kwa simu, wala kufungua akiba benki. Mwenye nyumba humwuliza kitambulisho kabla ya kumpangisha chumba. Bawabu wa ofisi humwuliza kitambulisho langoni, yaani humzuia asiingie mahali anapokwenda kukitafuta. Ni duara lisilo na mwanzo, na mtu hulizunguka mpaka mwanawe naye akalirithi.

Wazee wetu walivikwa kipande shingoni, ndani ya kijaluba cha chuma, wapate kuzuiwa wasiende watakako. Hiyo ilikuwa karatasi ya kufungia. Leo watu hawa wamezuiwa kwa kukosa karatasi. Mkono ulioandika vipande ulikuwa wa karani. Basi na mkono wa kuwafungulia hawa na uwe wa karani.

Tena sheria yenyewe haikuwaacha. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Kifungu cha 14 chasema kwamba mtoto aonekanaye kuwa chini ya miaka minane, aliyeokotwa humu nchini, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Mlango upo, kinachokosekana ni mtu wa kumshika mkono mwenye haki yake, ampeleke mpaka mlangoni, amngojee hapo.

Kwa hiyo twauletea mkutano mashauri manne.

La kwanza: klabu iweke meza moja, siku moja katika kila juma, mahali wanapokusanyika watu wenyewe, si ofisini kwetu. Meza hiyo iwe na makarani wawili wa zamu, daftari na kalamu.

La pili: kila ajaye aandikwe jina lake kama anavyolitaja mwenyewe, pamoja na jina la mama, mahali alipozaliwa, shule au zahanati aliyopata kupitia. Kutokana na maneno hayo barua zipelekwe kwa chifu, kwa mwalimu, kwa muuguzi. Habari zake ziwe siri kama faili yoyote ya siri.

La tatu: mwanachama mmoja amwandame mtu mmoja mpaka mwisho wa shauri lake. Asimpe karatasi na kumwambia, "Nenda dirisha lile." Afuatane naye.

La nne: fedha za mfuko wetu zitumike kwanza kwa nauli, picha na ada za vyeti, kisha, kwa aliyekwisha kupata kitambulisho na kazi, zilipe kodi ya mwezi wa kwanza wa chumba, maana huo ndio unaowashinda wengi.

Twajua yatakayosemwa. Watu watasema kwamba wengine ni walevi, wengine ni wezi, na gundi imewaharibu vijana akili. Yamo ya kweli katika hayo, wala hatutaki kuyaficha. Lakini hakuna kifungu kinachosema kwamba cheti cha kuzaliwa hupewa mwenye tabia njema peke yake. Hata mfungwa gerezani ana jina na namba. Watu watasema pia kwamba hii ni kazi ya Serikali. Naam, ni kazi ya Serikali. Nasi ni watumishi wake, tunaojua faili hupitia meza gani, na hukwama wapi.

Mabibi na mabwana, kazi hii ni ya polepole. Pengine mwaka utapita, nasi tuwe tumewafikisha watu ishirini tu mlangoni pa chumba chao. Gazeti halitatupiga picha. Lakini hao ishirini hawatarudi barazani, na watoto wao wataandikwa kabla ya miezi sita kupita. Tunaomba mkutano uyakubali mashauri haya, na kila aliye tayari kushika zamu aandike jina lake kwa Mwandishi wa Chama kabla ya kutoka ukumbini.