Ruhusa ya Mwuguzi Aendaye Ughaibuni



Yapo maneno yasemwayo siku hizi katika nyumba nyingi za Waislamu wa Kampala, tangu Kawempe mpaka Kibuli, nayo husemwa kwa sauti tamu. Binti amemaliza masomo ya uuguzi, ana diploma yake, naye ama anafanya kazi kwa mshahara mdogo au amekaa nyumbani akingoja nafasi. Huja wakala, akakaribishwa, akaketi, akamwambia mama: "Hajati, binti yako ni nesi, na Saudia wanawataka manesi. Ila njia ya unesi ni ndefu. Mwache aende kwanza kwa kazi ya nyumbani. Akisha kufika atabadilisha karatasi." Mama hufurahi, baba huuza kiwanja au huchukua deni, na binti hupanda ndege Entebbe, diploma yake ikiwa chini ya nguo katika sanduku. Humo sandukuni ndimo itakamobaki.

Maana ruhusa ya kuuguza haipatikani kwa kufika. Aliyeingia Saudia kwa viza ya utumishi wa nyumbani amefungamana na mwajiri aliyemwita, na kazi iliyoandikwa ndiyo kazi yake. Mabadiliko yaliyoanza kutumika huko mwezi wa Machi 2021 yaliwafungulia wafanyakazi wengi wa makampuni njia ya kuhama mwajiri, lakini watumishi wa majumbani hawakutiwa ndani yake. Mkataba wao kwa desturi ni wa miaka miwili. Na hapa ndipo hasara ya pili inapoingia, ambayo wakala haitaji: wenye kutoa ruhusa za uuguzi katika nchi za Ghuba humwuliza mwombaji amewahudumia wagonjwa kwa muda gani, na tangu lini ameacha. Mara nyingi hutaka uzoefu wa miaka miwili usiokuwa wa zamani. Basi binti aliyepiga pasi miaka miwili Riyadh amerudi nyuma kuliko mwenzake aliyebaki wodini Mulago kwa mshahara ule ule aliokuwa akiunung'unikia.

Wako wasemao: "Kwani mtoto huyu hakufaulu mtihani hapa Uganda? Kwa nini apimwe tena?" Swali hili lina jawabu la zamani sana. Mwaka 931, katika Baghdad, mtu mmoja alikufa kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru kwamba asitibu mtu yeyote illa aliyepimwa na Sinan bin Thabit, tabibu wake. Wakapimwa watu zaidi ya 860 katika pande zote mbili za mji. Miongoni mwao alikuja mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri, akaweka dinari mbele ya Sinan, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, naye ana jamaa wanaomtegemea. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti asimguse mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asiamrishe kutoa damu ila kwa ugonjwa mwepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo desturi yake maisha yote. Hajapata kupita sharubati. (Laiti wenye maduka ya dawa wote wa mjini humu wangalikuwa na adabu ya mzee yule.) Basi kupimwa si dharau waliyoizua wageni kwa ajili ya Mwafrika.

Njia yenyewe ni hii. Katika Uganda, Baraza la Wauguzi na Wakunga, chini ya sheria ya mwaka 1996, humwandika mwuguzi katika daftari lake na kumpa leseni ya kufanya kazi, nayo leseni hiyo ina mwisho wake na hutakiwa ihuishwe. Saudia nako iko Halmashauri ya Taaluma za Afya, iliyoundwa mwaka 1992. Mwenye diploma huwekwa daraja ya fundi, mwenye digrii daraja ya mtaalamu, na tofauti hiyo huonekana katika mshahara. Qatar, Oman na Imarati zina wakuu wao wenyewe, na ruhusa ya nchi moja si ruhusa ya nchi nyingine.

Halmashauri hizo haziridhiki kutazama cheti. Hukiulizia mahali kilikotoka. Kampuni iitwayo DataFlow hukiandikia chuo: je, huyu alisoma kwenu? Hukiandikia kila hospitali: je, alifanya kazi kwenu, tangu tarehe gani mpaka tarehe gani? Hulifikia na Baraza: je, leseni hii ni yenu, na mwenye nayo ana doa? Mwanafunzi yeyote wa hadithi atalitambua jambo hili mara moja, maana ndiyo isnadi. Sahaba Jabir bin Abdillahi alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Sham kwa ajili ya hadithi moja, apate kuisikia kwa yule aliyeisikia kwa Mtume mwenyewe. Hakutosheka na kuambiwa.

Na isnadi hukatika kwa mambo madogo. La kwanza ni jina. Binti aliandikwa Hadija katika shule ya msingi, Kadijah katika cheti cha sekondari, Khadija katika pasi ya safari, na jina la ukoo likatangulia hapa na kufuata pale. Nyumbani wote wanajua ni mmoja. Kwa mtu aliye ofisini mbali, hao ni watu watatu. Marekebisho ya jina huchukua muda na hutaka kiapo, kwa hiyo yafaa yafanywe kabla ya kulipa ada yoyote. Aliyeolewa naye asiharakie kuongeza jina la mumewe katika pasi. Sheria ya dini haimlazimishi.

La pili ni zahanati ndogo. Binti alifanya kazi kweli, lakini mwenye zahanati hakuweka daftari, au amefunga mlango, na barua ya kuulizia haijibiwi. Basi siku ya kuacha kazi, ile ile, aombe barua yenye tarehe, muhuri na anwani inayofanya kazi.

La tatu ni baya kuliko yote. Nasser Road ni mtaa wa wapiga chapa, na wengi wao ni watu waaminifu. Lakini kila mkazi wa Kampala anajua kwamba huko barua ya uzoefu wa miaka miwili inaweza kupatikana baada ya chakula cha mchana. Barua hiyo itaulizwa kwake ilikotoka, na hospitali itakana. Ripoti ya uwongo ikisha kuandikwa hubaki na jina la binti, nayo humfuata hata kwa vyeti vyake vya kweli.

Baadaye huja mtihani, wa maswali ya kuchagua majibu, kwa Kiingereza, mbele ya kompyuta. Aliyekuwa kazini wodini na akasoma miezi michache hautamshinda.

Haya yote huanzia hapa Kampala, kabla ya ndege. Ada zake ni za mafungu, nazo aghalabu si kubwa kama deni alilolichukua baba kwa ajili ya wakala. Chama kinachochangia arusi na mazishi kinaweza kumkopesha mwuguzi ada ya kuhakikishiwa vyeti, arudishe kwa mshahara wake wa kwanza.

Na uko msaada mwingine usiotaka fedha. Viza na mkataba wa Saudia huandikwa kwa Kiarabu, na kazi hutajwa humo. Mwuguzi huandikwa *mumarridha*. Mtumishi wa nyumbani huandikwa *amila manziliyya*. Mama hasomi, baba hasomi, na binti ameona Kiingereza cha wakala tu. Karatasi hiyo na ipelekwe kwa mwalimu wa madrasa iliyo karibu, kabla kiwanja hakijauzwa, naye ayasome maneno hayo kwa sauti mbele ya wazazi wote wawili.